UZI: Firimbi iko kwenye laifu jaketi, lakini hapa Lamu nani anaisikiliza?

#1 Mwana wa Langoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa, na wasio Waislamu salamu zenu pia.

Ukishuka gati la Mokowe kesho, ile laifu jaketi ya rangi ya chungwa unayopewa usiivae tu ukafunga. Ipapase kwanza upande wa kifua, pale juu karibu na shingo. Utakuta kijitanzi cha uzi kimening'inia na mwisho wake hakuna kitu. Hapo palikuwa na firimbi. Mtoto wa mtu kaikata akaenda kuchezea, au abiria kaing'oa kwa kuwa ilimchoma kidevuni, Mungu ndiye ajuaye. Lakini haikuwekwa pale kama pambo. Kanuni za kimataifa za vifaa vya kuokolea maisha zinataka kila laifu jaketi iwe na firimbi iliyofungwa kwa uzi imara.

Kusi, upepo wa kutoka kusini, limeingia, na kila Kusi hadithi ni hizo hizo: simu ilizima, tulipiga makelele hawakusikia, boti ilipita karibu ikaenda zake. Nyuma ya Ndau na kuelekea Kiwayu netiweki huja ikaondoka. Simu ikishakunywa maji ya chumvi ndiyo basi tena. Sauti ya mtu nayo ina mwisho, piga ukunga nusu saa uone kama koo litakubali kuendelea. Firimbi haina betri, inakula pumzi kidogo, na mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Utaratibu uliozoeleka kwa wapanda milima wa Ulaya, tangu mwishoni mwa karne ya 19 huko Alps, ni huu: mipulizo sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Aliyekusikia anajibu kwa mipulizo mitatu ndani ya dakika, kisha naye ananyamaza. Marekani na Kanada wao huita kwa mitatu.

Sasa nauliza mambo mawili. Sisi tupige vipi? Na la pili ndilo linaloninyima raha: tukishapiga, nani anasikiliza?

#2 Punda_Mjini

Shekhe, wiki ya Maulidi mbio za punda firimbi, mashindano ya mashua firimbi, mpira firimbi. Hapo tumuokoe nani tumuache nani 😂

#3 Nahodha Mstaafu | Matondoni

Mwana wa Langoni, ahsante kwa kulileta hili. Huyo wa #2 amefanya mzaha lakini ndani yake mna jambo, nitalirudia.

Sisi tuliosafirisha boriti kwa jahazi hatukuwa na firimbi. Kulikuwa na baragumu, kulikuwa na mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kila mtu mjini alijua ni jambo gani na anatakiwa aende wapi. Siwa, lile baragumu kubwa la sherehe, nayo haikupulizwa ovyo, ilikuwa na siku zake na watu wake. Firimbi bila mapatano itabaki kelele tu. Kwa hiyo swali lako la pili ndilo la kwanza.

Jingine ni upepo. Vijana wanadhani sauti huenda pande zote sawasawa. Haiendi hivyo. Akiwa goshini kwako, yaani upande upepo unakotoka, upepo unaiinua sauti yako inampita juu ya kichwa, na hata akiwa karibu hakusikii. Akiwa demani, upande upepo unakoelekea, atakusikia mbali sana. Wakati wa Kusi basi, boti zinazotafuta mtu zianze kaskazini ya pale alipopotelea, zipande kusini pole pole. Mara nyingi naona wanafanya kinyume: wanakimbilia moja kwa moja mahali boti ilipoonekana mwisho, wanakuwa goshini, hawasikii kitu, wanaondoka. Na yule mtu naye mkondo umeshamchukua.

Usiku ukiwa shwari ni habari nyingine. Sauti inatambaa juu ya mai, unasikia mtu anakohoa ng'ambo.

#4 Maalim wa Skauti | Mpeketoni

Nahodha amesema kweli, na sayansi iko upande wake. Upepo huwa mdogo chini karibu na maji na mkubwa juu, na tofauti hiyo ndiyo inayoipinda sauti: kuelekea goshini inapindwa juu, kuelekea demani inapindwa chini irudi kwa msikilizaji. Usiku ulio shwari hewa iliyo juu ya maji inakuwa baridi kuliko ya juu zaidi, na sauti inapindwa chini vile vile.

Firimbi nyingi hulia kati ya hezi 3,000 na 4,000. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya 2,000 na 5,000, ndiyo sababu firimbi inapenya pale ambapo sauti ya mtu mzima inapotea kwenye mawimbi. Lakini kuna mambo mawili yanayoiua, na hapa Lamu tunayo yote mawili.

La kwanza ni mashine. Mashine ya boti ikiwaka nyuma ya mgongo wako, husikii firimbi iliyo mbali, na wala huna habari kwamba husikii. La pili nalisema kwa heshima zote: masikio ya watu wazima. Sauti nyembamba ndizo za mwanzo kupotea umri ukienda, na aliyekaa miaka mingi kando ya mashine anazipoteza mapema zaidi. Kwa hiyo boti ikienda kutafuta mtu, wa kuwekwa omoni, mbele ya boti, kusikiliza awe kijana, tena msichana au mvulana ambaye hajawahi kuendesha boti. Nahodha abaki kwenye usukani.

#5 Nahodha Mstaafu | Matondoni

Maalim umenitoa kazini mara ya pili.

#6 Kepteni_Mkanda

Nasoma tu hapa kimya lakini hili lazima niseme. Mnazungumza kama boti zetu ni za kutembea bure. Mimi nina abiria wa Faza, nina mizigo, nina mama anampeleka mtoto hospitali, na maji yanakupwa. Mnataka nizime mashine kila baada ya dakika tano nisikilize firimbi? Mafuta mtalipa nyinyi? Na nikizima katikati ya mfereji wa Mkanda mkondo unanisukuma kwenye mikoko.

Halafu firimbi zenyewe mimi nilinunua, nikafunga kwenye kila jaketi. Mwezi haukuisha zilikuwa zimebaki mbili. Abiria wanaondoka nazo. Nisilaumiwe.

#7 Mwana wa Langoni

Kepteni, hakuna aliyekulaumu ndugu yangu. Na hakuna anayesema uzime ukiwa na abiria. Nazungumzia siku ile mtu ameshajulikana kwamba amechelewa na boti zimetoka kumtafuta. Siku hiyo zinatoka boti nne tano kwa pamoja, kila moja inanguruma kivyake, zinazunguka huku na huku, na watu wote waliomo wanapiga makelele kuita jina. Mtu aliyeko kwenye mikoko anawasikia nyinyi vizuri kabisa. Nyinyi ndio hamumsikii.

#8 Maalim wa Skauti | Mpeketoni

Naongeza kwa Kepteni: boti moja ikizima na nyingine zikiwaka haisaidii kitu. Zizimwe zote kwa wakati mmoja. Kila robo ya saa, dakika mbili tu, kila boti inazima, watu wananyamaza, hata simu inawekwa kimya. Kabla ya kunyamaza, boti moja inapuliza firimbi ili yule mtu ajue kuna watu na sasa wanasikiliza. Kama hamna redio, tazameni saa.

#9 Kepteni_Mkanda

Hiyo ya saa naikubali. Dakika mbili kila robo saa si kitu.

#10 Bi Mwanapate

Naomba na sisi wanawake tusemwe, maana mnazungumza boti tu.

Sisi tunakwenda mwambani kuvua pweza wakati wa bamvua. Wasiojua, bamvua maji yanakuwa makavu kabisa mnamo saa nne asubuhi, mwamba unatoka nje mbali, tunatembea na vijiti vyetu tunatazama mashimo. Pweza hakai juu, unainama unachokoa, unasogea, unachokoa, unasahau ulipo. Na maji yakianza kurudi hayaji mbele yako unapoyaona. Yanaingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na ufuo. Ukiinua kichwa, ulipopita kwa vifundo vya miguu sasa ni kiuno. Wengine hatujui kuogelea, tusidanganyane.

Zamani mmoja alikuwa akiita, "maji yanajaa ee!" Upepo wa Kusi ukivuma haifiki. Siku hizi kundi letu lina firimbi, na mwenye nayo havui. Anakaa pale mfereji unapoanza, ameweka jiwe, maji yakigusa jiwe anapuliza mpulizo mmoja mrefu, na kila anayesikia anageuka hapo hapo hata kama ameshamuona pweza. Tukifika ufuoni tunamgawia kila mtu kidogo kutoka kikapu chake, ndiyo maana kazi hiyo haikosi mtu.

Ninachotaka kusema ni kuwa msiongee firimbi ya kuomba msaada peke yake. Na ile ya kuambiana rudini kabla mambo hayajaharibika mpeni nafasi.

#11 Punda_Mjini

Bi Mwanapate hapo umetufunga mdomo wote. Huo utaratibu wa kumgawia mlinzi pweza nani aliubuni, apewe ukurugenzi wa kaunti.

#12 Mwana wa Langoni

Bi Mwanapate shikamoo. Swali: huo mmoja mrefu haugongani na wito wa msaada?

#13 Bi Mwanapate

Marahaba mwanangu. Haugongani. Mmoja mrefu ni rudini. Mtu akiumia, akikanyaga samaki wa mwiba kama taa au mchafukoge, anapuliza na kupuliza mpaka tumfikie. Hatujawahi kuhesabu sita.

#14 Sokoke_Boy | Malindi

Jirani zenu wa Malindi tunasoma. Mimi kazi yangu ni kuwatembeza watazamaji wa ndege Arabuko-Sokoke. Msitu una ukubwa wa kilomita za mraba kama 420, tambarare, hauna kilima hata kimoja cha kukusaidia kujua ulipo, na vijia vyake vyote vinafanana. Mgeni akitoka njiani hatua chache kumfuata ndege, akigeuka hajui alikotoka.

Firimbi msituni ni tofauti na baharini. Majani yanaimeza sauti, hasa hizi nyembamba. Na kuna wakati wa mchana nyenje wanalia kwa pamoja na sauti yao iko karibu na ya firimbi yenyewe, hapo unaweza kupuliza mpaka macho yatoke. Asubuhi mapema na jioni ndiyo saa zake. Tena kabla ya kupuliza natega sikio kwanza, mle mna tembo na sitaki kumshtua aliye karibu.

Kanuni ninayowapa wageni kabla hatujaingia ni fupi: ukijiona umepotea, simama ulipo. Usitembee huku unapuliza. Ukitembea, kila mpulizo unatoka mahali papya na mimi ninayekutafuta nafuata mahali ulipokuwa. Simama chini ya mti mmoja, puliza, nyamaza, sikiliza. Nikijibu usinikimbilie, endelea kupuliza, mimi nitakuja. Wafugaji wa vipepeo wa Gede wanaoingia msituni nao wanajua hili la kusimama, ingawa wao huitana kwa sauti tu.

#15 Maalim wa Skauti | Mpeketoni

Aliyoyasema Sokoke_Boy kuhusu majani yashikeni na nyinyi wa mikoko. Mtu akikwama ndani ya mikoko na mtumbwi, asipulize akiwa katikati. Ajisogeze mpaka ukingoni mwa mkondo, palipo wazi, apulize akielekea maji. Ndani ya mikoko sauti inagonga mizizi na matope, na hata ikitoka anayesikia hajui imetokea mkono gani.

#16 Kijana wa Kipungani

Firimbi ipi jamani? Niliyo nayo ni ya kurefa mpira, ya chuma, ina kigololi ndani. Inafaa?

#17 Fundi Nyavu | Shela

Kijana, hiyo ibakishe uwanjani. Nitakueleza kwa nini.

Kigololi kile ndicho kinachoitetemesha sauti. Cha gome kikinywa maji kinavimba, cha plastiki kikiingiwa na chembe ya mchanga wa Shela kinakwama. Kikikwama, firimbi inatoa pumzi tu, fuuu, basi. Chuma nacho kwenye hewa ya chumvi kinaota kutu. Hata marefa wenyewe waliliona hili. Firimbi isiyo na kigololi inayojulikana zaidi, Fox 40, ilitokana na refa wa mpira wa kikapu wa Kanada, Ron Foxcroft, ambaye kigololi kilimkwamia kwenye mechi huko Brazil mwaka 1984. Akashirikiana na mbunifu mmoja, na mwaka 1987 firimbi ikaingia sokoni. Ile ina vijumba vitatu vya sauti, kila kimoja kinalia kivyake kidogo, na ndiyo sababu inakera hivyo.

Usikimbilie jina. Madukani zimejaa za kuigiza. Beba ndoo ya maji ya bahari mpaka dukani kama muuzaji ni rafiki yako 😄 Izamishe, itoe, ipige kofi moja maji yatoke, puliza. Ikilia mara ya kwanza, inunue. Ikigugumia, irudishe. Zile bapa zisizo na mashimo mengi huwa hazishiki maji. Rangi iwe kali, chungwa au njano, usichukue nyeusi. Nyeusi ikikuanguka kwenye tope la mikoko umeitoa sadaka.

Na uzi wake. Msivae firimbi shingoni kwa kamba ya nailoni ya kuvulia jamani! Nimeona vijana wanafanya hivi. Kamba ile haikatiki. Ikinasa kwenye mzizi wa mkoko au kwenye ndoana ya tanga huku mtumbwi unapinduka, imekunyonga. Ifungeni kwenye jaketi upande wa bega, uzi mfupi unaofika mdomoni hata mikono ikiwa imekufa ganzi. Wanaotaka shingoni lazima, watumie uzi mwembamba wa pamba, ukivutwa kwa nguvu ukatike.

#18 Kijana wa Kipungani

Ahsante fundi. Na ukiwa ndani ya maji unapulizaje? Mawimbi yanakupiga usoni.

#19 Fundi Nyavu | Shela

Unangoja wimbi likuinue. Ukiwa juu ya wimbi puliza, ukishuka bondeni funga mdomo pumzika. Ukipuliza ukiwa chini unalipigia wimbi la mbele yako tu. Geuza mgongo kwa upepo. Firimbi ikijaa maji, elekeza tundu chini, puliza mara moja kwa nguvu itoke. Na usipulize mfululizo mpaka kizunguzungu kikushike.

#20 Mtaalamu_wa_Simu

Jamani tuko karne ya 21. 999 na 112 ziko, simu zina GPS, mkoba wa plastiki wa kuzuia maji unauzwa. Boti zinunue redio za VHF, chaneli 16 iko wazi masaa 24, Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini, na tangu 2018 tuna askari wa pwani. Firimbi ni mambo ya skauti.

#21 Nahodha Mstaafu | Matondoni

Mwanangu, redio ni nzuri na chaneli 16 ni nzuri. Wa mashua ya kuvulia dagaa ananunua na nini?

#22 Mwana wa Langoni

Mtaalamu, uliyoyataja yote ni sahihi na aliye navyo aanze navyo. Simu kwanza, redio kwanza, hakuna mjadala. Lakini simu inawaleta waokoaji mpaka eneo. Wakishafika eneo, wanatafuta kichwa. Kichwa cha mtu kwenye bahari ya Kusi ni kama nazi inayoelea, wimbi moja tu linatosha kukificha, na boti inapita karibu bila kukiona. Firimbi inafanya kazi kwenye hizo mita mia chache za mwisho.

Mchana wa jua ongeza kioo au hata CD kuukuu ya kumulikia. Usiku tochi.

#23 Mtaalamu_wa_Simu

Ukiiweka hivyo sawa. Mimi nilidhani mnataka kuiweka badala ya simu.

#24 Mama Swaleh

Mimi nina swali la kizamani mtanicheka. Bibi yangu alitukataza kupiga mbinja usiku, akisema unaita nyoka na wasioonekana. Watoto wangu nikiwapa firimbi za usiku si ndiyo yale yale?

#25 Nahodha Mstaafu | Matondoni

Bibi yako Mungu amrehemu alikuwa anataka mlale. Tena mbinja ni ya mdomo, firimbi ni ya plastiki. Wape watoto, na uwaambie ikipulizwa kwa mchezo inachukuliwa hairudi.

#26 Punda_Mjini

Na wasioonekana wakija wawasaidie kusukuma boti.

#27 Msomi wa Bandari

Nimesoma uzi wote, na kwenye hili la idadi ya mipulizo naona mnamuacha Bi Mwanapate nyuma wakati yeye ndiye aliye karibu na sheria kuliko wote.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano ya vyombo baharini, zile za mwaka 1972, zina orodha ya ishara za dhiki. Mojawapo ni kupuliza bila kukoma kwa chombo chochote cha kutolea ishara za sauti wakati wa ukungu. Humo mna pia kuinua na kushusha mikono polepole pande zote mbili, mna moshi wa rangi ya chungwa, mna fataki nyekundu, mna SOS. Hakuna sita wala tatu. Sita ni ya milimani. Mtu wa baharini anayepuliza mfululizo anaeleweka na baharia wa nchi yoyote.

Kwa hiyo mtu aliyemo majini msimfundishe kuhesabu. Mtu anayezama hahesabu. Sita mpeni yule aliyekwama mahali salama, kwenye mikoko, kwenye kisiwa, au matuta ya mchanga nyuma ya Shela jua likimpiga, ambaye ana muda na anatakiwa atunze pumzi yake.

#28 Mwana wa Langoni

Msomi, hapo umeufungua uzi. Na mtalii wa Marekani atapiga tatu, wa Uingereza atapiga sita, wetu atapiga anavyojaliwa.

Basi mimi naona sharti tumuwekee anayesikia. Anayepuliza apulize anavyoweza. Ila wewe uliyesikia, sauti ya firimbi ikirudiwa mara ya pili kutoka upande ule ule, baharini au kwenye mikoko, wewe ni wa kwenda. Hakuna kusema "labda watoto wanacheza". Unajibu tatu ili ajue amesikika, maana mtu akijua amesikika anaacha kuhangaika na kuogelea ovyo. Na kama una abiria huwezi kwenda, unapiga simu papo hapo kwa aliye karibu na unaeleza upande uliosikia.

La Punda_Mjini, kuhusu siku za Maulidi: mashindano yana saa zake na mahali pake, mbele ya mji. Firimbi ikisikika Manda Toto saa mbili usiku hakuna punda anayeshindana kule.

#29 Kepteni_Mkanda

Kwamba nipige simu nikiwa na abiria, hiyo hata sasa ningefanya. Sawa.

Lakini mnazungumza bila kujaribu. Hakuna hata mmoja hapa aliyesema firimbi inasikika mpaka wapi pale Mkanda, Kusi likivuma, mashine ikiwaka na ikizimwa. Mimi ninachoamini ni nilichosikia kwa sikio langu.

#30 Maalim wa Skauti | Mpeketoni

Kepteni ana haki. Hata mimi sitaandika umbali hapa, kwa sababu unabadilika kwa upepo, kwa saa, kwa firimbi na kwa sikio. Twende tukapime. Mmoja ashushwe ukingoni mwa mikoko akiwa na laifu jaketi na simu, boti isogee demani ikizima kila baada ya umbali fulani, kisha irudie upande wa goshini. Watu wa umri tofauti omoni, kila mmoja anainua mkono akisikia, bila kumtazama mwenzake. Nitaleta skauti wawili.

#31 Kijana wa Kipungani

Wa kushushwa kwenye mikoko niandikeni mimi.

#32 Fundi Nyavu | Shela

Nitaleta firimbi aina mbalimbali, na ile ya kigololi pia niichovye maji mbele yenu muamini. Jumamosi asubuhi?

#33 Bi Mwanapate

Jumamosi ni bamvua, saa nne asubuhi mtakwama kwenye matope na boti yenu, halafu sisi tuache pweza tuje kuwaokoa. Nendeni alasiri maji yakiwa yamejaa.

#34 Mwana wa Langoni

Alasiri basi, baada ya swala. Mafuta tuchange, atakayekuja anitumie ujumbe faraghani. Nahodha utakuja?

#35 Nahodha Mstaafu | Matondoni

Nitakuya. Na mimi nikae omoni na hao skauti, tuone nani atainua mkono kwanza.

#36 Kepteni_Mkanda

Boti ninayo, mafuta ya kwenda ni juu yangu, ya kurudi ni juu yenu. Na kila mtu aje na firimbi yake. Siazimi kitu kilichotoka mdomoni mwa mtu.